Kazi ya Mposaji

Mahajanga, 4 Machi 1963

Mjomba wangu Houmadi,

Nakuamkia kwezi kwa heshima zote. Natumaini Idi iliwakuta salama hapo Ambanoro na kwamba mguu wako umepoa.

Nina mambo mawili, na yote mawili yananifanya niandike polepole. La kwanza: ile kazi ya ofisini kwa mfanyabiashara wa mchele niliiacha tangu Januari. Usikasirike kabla hujamaliza ukurasa. Siku hizi naishi kwa kuandika. Kuna gazeti la Kifaransa linalotoka hapa kila Jumamosi. Wananipa safu mbili za hadithi na wananilipa. Si nyingi, lakini chumba nakilipia na sijalala njaa. Hadithi nazitia sahihi ya “Mwana wa Oumi”, jina la marehemu mama. Jina langu mwenyewe bado naona haya kuliweka.

Walimu wa mji huu wana chama chao, nao wameniomba nizungumze mwezi ujao juu ya kitabu nilichoazima maktaba: jinsi kuandika kulivyogeuka kuwa kazi kule Urusi karne iliyopita. Mwanzoni walioandika walikuwa mabwana wenye mashamba. Walinakili mashairi yao kwenye madaftari na kupitishiana wao kwa wao, na kupokea malipo waliona ni mambo ya wenye maduka. Hata alipotokea muuza vitabu mmoja akaanza kulipa waziwazi, kwa kila karatasi iliyochapwa, walikuwapo waliolipwa huku wametazama pembeni. Nilipoisoma sehemu hiyo nilijiona.

La pili ni kubwa zaidi. Namtaka Nadjma, binti wa Mzee Soilihi, muuza vitambaa wa hapo mjini kwenu, Hell-Ville. Alipokuja huku mwaka jana kwa harusi ya nduguye alifikia kwa shangazi yake Hadidja, jirani yangu, nasi tulizungumza mara tatu, mbele ya watu, kwa adabu. Sina baba wala mama; mwenye kunisemea ni wewe. Naomba uende. Na katika barua ya posa andika kazi yangu kama ilivyo: mwandishi.

Mpwa wako,
Bourhane


Ambanoro, 19 Machi 1963

Kwa mpwa wangu Bourhane, salamu na dua.

Umeniambia nisikasirike kabla ya kumaliza ukurasa. Nilimaliza, ndipo nikakasirika.

Mimi naandika miaka arubaini sasa. Watu wa kiwanda cha sukari wanatoka Dzamandzar kwa miguu, mtu anakaa kwenye mkeka wangu na kunieleza jambo ambalo hajamweleza mkewe. Namwandikia kwa herufi za Kiarabu Kiswahili kile cha barua tulichorithi kwa wazee wetu, ambacho hapa hakuna tena anayekizungumza nyumbani, kisha namfasiria Kimalagasi ili ajue nimeandika nini. Sijapokea hata yai. Siku nitakayopokea atajiuliza nauza nini, mkono wangu au siri yake. Hao mabwana wa Urusi walioona haya walikuwa na adabu zao.

Na wewe unaandika mambo yasiyokuwapo, juu ya watu wasiokuwapo, halafu unanyoosha mkono. Nilikufundisha herufi kwa bakora na sikujutia hata moja. Sasa najiuliza kama ningepunguza.

Kwa Soilihi nitakwenda. Oumi aliniachia wewe ukiwa na miaka minne. Siwezi kuacha mtu mwingine akuposee. Lakini usinipangie maneno ya kuandika.

Mjomba wako,
Houmadi


Ambanoro, 6 Aprili 1963

Kwa mpwa wangu Bourhane.

Jana baada ya sala ya Ijumaa tulikwenda watu kumi na wawili, tukapokewa kwa kahawa na mikate, barua nikaisoma na kuifasiri, na Soilihi akaomba muda wa kumuuliza binti. Hakukaa ndani hata nusu saa. Wamekubali. Mkewe, Fatoumia, alitoa sauti ya furaha ikasikika mpaka barabarani.

Sasa nikueleze lililobaki, nawe unisomee kwa uvumilivu kama nilivyokusomea.

Barua ya posa niliiandika mara tatu. Ya kwanza niliandika “mwandishi” kama ulivyotaka. Nikaitazama. Hapa mwandishi ni mimi, mzee wa mkekani mwenye kanzu ya viraka. Nikaona uso wa Soilihi akiuliza mtu huyo anakula nini, na uso wa Zoubeiri, mmoja wa wale kumi na wawili, ambaye kwa miaka ishirini sasa anangoja nikosee kitu. Ya pili nikaandika “karani” tu, nikaona haina uzito. Ya tatu nikaandika “karani wa forodha ya Mahajanga”. Kalamu haikuteleza, mwanangu. Niliandika nikijua.

Nilipolifasiri neno hilo mbele yao wote walitikisa vichwa kwa kuridhika, nami nikajisikia vizuri. Ubaya ulikuja nilipofika nyumbani. Leo asubuhi amekuja mjane Kouraichia kuandikiwa barua ya mwanawe, akaniambia, “Andika wewe, neno lako halina shaka.” Nilishindwa kumtazama usoni.

Niambie tufanyeje.

Houmadi


Mahajanga, 17 Aprili 1963

Mjomba wangu,

Kwanza nilicheka. Wewe usiyetaka kusikia habari za hadithi za kubuni umeandika yako ya kwanza, na imekubaliwa ndani ya nusu saa. Yangu ya kwanza ilirudishwa mara tatu. Kisha kicheko kikaniisha.

Jumamosi nilizungumza kwa wale walimu. Niliwaeleza kwamba mabwana wale hawakuhitaji malipo kwa sababu mashamba yao yalilimwa na watu waliomilikiwa. Usiudhike, mjomba, lakini nawe unayo milangilangi yako, na mafuta yake ndiyo yanayokulisha hata ukaweza kuandika bure. Waliokuja baadaye walikuwa wana wa mapadre, maana kule mapadre huoa, wana wa waganga, wa makarani wadogo. Hao hawakuwa na shamba, walikula walichoandika. Na serikali yao haikuwa na jina la kumwita mtu wa namna hiyo. Kila aliyetumikia serikali alikuwa na daraja yake, kumi na nne kwa jumla, na mwandishi hakuwa na yake. Mtu aliyesomwa nchi nzima, akipeleka karatasi ofisini, angeweza kujitaja kuwa karani mstaafu wa daraja fulani, basi.

Walipiga makofi. Halafu mwalimu mmoja wa mbele, mtu mpole tu, akaniuliza, “Na wewe, ndugu yetu, kazi yako ni nini?”

Nilisema nilikuwa karani wa mfanyabiashara wa mchele, na kwamba sasa natafuta kazi. Nilisema hivyo, mjomba, nimesimama mbele ya watu sitini ambao nimetoka kuwaeleza saa nzima kwamba kuandika ni kazi. Nilipoketi masikio yalikuwa yanawaka.

Kwa hiyo sina mdomo wa kukulaumu. Unaniuliza tufanyeje. Nikisema kweli sasa, nakuvunjia heshima mbele ya watu kumi na wawili, na pengine nampoteza Nadjma. Tunyamaze kwanza. Ndoa ikishafungwa nitamweleza mwenyewe taratibu.

Bourhane


Ambanoro, 11 Mei 1963

Kwa mpwa wangu Bourhane.

Ndani ya bahasha hii utakuta hati za marobota sita ya vitambaa, mali ya Mzee Soilihi, yaliyoshushwa kwa meli hapo Mahajanga tangu kabla ya Idi ya kuchinja na bado yako forodhani. Alinishika bega mbele ya duka lake, wateja wanasikia, akasema, “Sasa tunaye mtu wetu ndani.” Nilitamani ardhi ipasuke.

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli pale pale. Nilizipokea hati, nikamwambia nitakutumia.

Tangu siku ile ya posa sijaandika barua ya mtu bila kuisoma mara mbili, kana kwamba nakagua kazi ya mwizi.

Houmadi


Mahajanga, 3 Juni 1963

Kwa Mzee Soilihi, Hell-Ville.

Baba mkwe mtukufu,

Kwa heshima nakuarifu kwamba marobota yako sita yametoka na yamepakiwa leo katika meli ya pwani. Nilizungumza na wenzangu wa forodha nao wakaliharakisha jambo hilo kwa kuniheshimu. Ni furaha yangu kukutumikia.

Salamu zangu kwa mama na kwa wote nyumbani.

Mwanao,
Bourhane


Mahajanga, 3 Juni 1963

Mjomba wangu,

Nimemwandikia Mzee Soilihi kwa Kifaransa, karatasi nzuri, mistari michache. Wewe nakueleza yaliyotokea.

Nilipanga foleni asubuhi tatu. Siku ya kwanza nilifika dirishani saa sita wakafunga. Ya pili karani alinirudisha kwa sababu ya muhuri. Ya tatu, karani yule yule, kijana mdogo kuliko mimi, akanifokea, “Wewe ni nani kwa mzigo huu?” Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Soilihi. Faini ya kuchelewa nililipa kwa malipo ya hadithi zangu mbili za mwezi uliopita.

Na ngoja nikueleze aibu iliyo chini ya aibu hiyo. Nikiwa kwenye foleni, jasho linanitoka, nilianza kumtazama yule karani, jinsi anavyolamba kidole kabla ya kufunua karatasi, na mama mmoja aliyekuwa amekalia gunia lake kama anayelilinda na bahari. Nikaona hii ni hadithi nzuri. Niliiandika siku ile ile: mtu anapanga foleni forodhani kwa marobota ya mkwe anayemdhania ni karani wa hapo. Gazetini waliipenda. Imetoka Jumamosi iliyopita, nao ndio waliorudisha ile pesa ya faini.

Sijui kama hayo ni maovu au ndiyo kazi yenyewe. Lakini najua ni hadithi bora kuliko zote nilizoandika.

Bourhane


Hell-Ville, 20 Juni 1963

Kwa Bourhane,

Nakuandikia Kifaransa cha shule kwa kuwa hati ya mjomba wako siijui. Nisamehe kama kuna ukali.

Baba hasomi Kifaransa. Barua yako kuhusu marobota ni mimi niliyemsomea, kwa sauti, mama akiwapo na majirani wawili waliokuja kuangalia vitambaa. Nilisema kwa mdomo wangu “wenzangu wa forodha” na “kwa kuniheshimu”. Baba alifurahi akanirudisha nyuma nisome tena, nikasoma tena.

Wakati huo gazeti lenye ile hadithi ya foleni lilikuwa chini ya godoro langu. Shangazi Hadidja hunitumia kila anapompata mtu wa kumpa. Mwana wa Oumi nilimtambua tangu mwanzo, kwa sababu mwaka jana siku ya harusi ulinitajia jina la mama yako wewe mwenyewe.

Siku ya posa nilikuwa chumba cha pili na mama. Mjomba wako alipokuwa anafasiri nilingoja lile neno, mwandishi. Nikasikia karani wa forodha. Nilijua si kweli, na hata hivyo nilikubali. Niliwaza: wazee wameona haya, yeye atasahihisha. Nikangoja Aprili. Nikangoja Mei. Kisha ikaja barua yako ya Juni.

Ile kweli uliiuza gazetini ukaipamba vizuri, nami niliisoma mara nne. Uongo ndio uliomtumia baba.

Jumatatu nilimwambia baba kwamba sitaki tena, kwamba siwezi kwenda kuishi Mahajanga. Mjomba wako sikumtaja, wala foleni. Baba amesema nimemfedhehesha mbele ya mji. Mama hasemi nami. Kwa wanawake wa mtaa mimi sasa ni yule msichana aliyekubali kisha akakataa, na kila mmoja anabuni sababu yake, na nyingine si za kuandikwa.

Ukiambiwa nilikukataa kwa ajili ya kazi yako, usiamini. Kazi yako ndiyo niliyoikubali.

Nadjma


Mahajanga, 1 Julai 1963

Mjomba wangu,

Nakuwekea ndani barua ya Nadjma, niliyokufasiria nyuma ya karatasi yake. Isome kabla ya kuendelea na hii.

Nimekaa nayo siku mbili. Nilidhani naogopa kumpoteza. Kumbe msichana wa miaka ishirini amebeba uongo wa wanaume wawili, amesemwa kwa ajili yake, na bado hajatutaja. Sijui pa kuuweka uso wangu.

Nimemwandikia Mzee Soilihi barua nyingine, nayo imo humu pia. Sikuiandika kwa Kifaransa, maana safari hii sitaki aisome binti yake. Nimeiandika kwa hati yako na Kiswahili chako cha barua, na nimeomba isomwe mbele ya wale wale waliosikia ya kwanza. Kwa hiyo itakuangukia wewe, kwani hakuna mwingine hapo anayeisoma. Samahani kwa hilo.

Simwombi kitu. Nasema kwamba mimi ni mwandishi, kwamba sijafanya kazi forodhani hata siku moja, kwamba marobota niliyatoa kwa kupanga foleni, na kwamba Nadjma hana kosa lolote. Kuhusu barua ya posa nimeandika kuwa ni mimi niliyekudanganya, nawe ukaandika ulichoambiwa. Mstari huo uache ulivyo, mjomba. Mimi niko mbali, hapa hakuna anayenijua. Wewe unaishi nao.

Chini nimetia jina langu. Gazetini pia, kuanzia Jumamosi ijayo.

Bourhane


Ambanoro, 29 Julai 1963

Kwa mpwa wangu Bourhane, mwandishi, Mahajanga.

Barua yako ilisomwa Ijumaa ya tarehe kumi na mbili, nyumbani kwa Soilihi, watu wale wale kumi na wawili isipokuwa Halidi, ambaye anaumwa. Wanawake walikuwa chumba cha pili, mlango wazi.

Niliisoma Kiswahili kwanza, yote, na hakuna aliyeelewa zaidi ya salamu na majina. Kisha nikaanza kufasiri. Ujue, mpwa wangu, nilipokuwa pale ningeweza kusema chochote. Ningeweza kuwaambia kwamba unaomba radhi kwa kuchelewa kwa marobota, wakaitikia amina na kwenda nyumbani. Nafsi ilinishauri hivyo. Nilifasiri kazi yako, nikafasiri foleni, nikafasiri kwamba binti hana kosa.

Nilipofika kwenye mstari ule unaosema ulinidanganya, nikasimama. Ulikuwa umeuandika vizuri, kwa mkono niliokufundisha. Miaka arubaini sijapata kumsomea mtu neno lisilokuwa kwenye karatasi. Siku ile nilisoma. Niliwaambia, “Hapa kijana amejitwisha mzigo wangu. Aliniomba niandike mwandishi. Forodha niliiandika mimi, nyumbani kwangu, mchana, akili timamu, kwa kuionea haya kazi yake.”

Zoubeiri alikohoa. Wengine walitazama mkeka.

Soilihi akaniuliza kama kweli mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo. Nikamweleza yale ya Urusi kadiri ninavyoyakumbuka: mabwana na madaftari yao, yule muuza vitabu, watoto wa mapadre. Alisikiliza vizuri kuliko nilivyotegemea. Mwishoni akasema, “Na waandishi hao, watu waliwaoza mabinti zao?” Nikamwahidi kukuuliza. Niandikie kama kitabu chako kinasema lolote, kwa maana mzee aliuliza kwa dhati, si kwa kejeli.

Hakukubali na hakukataa. Amesema atazungumza na binti yake baada ya Maulidi, na kwamba safari hii atamsikiliza mpaka mwisho. Fatoumia anasema naye tena. Nimeambiwa walionekana pamoja sokoni, wameshikana mikono. Nadjma hajatamka neno juu yako, nami sikuuliza. Sina haki ya kuuliza.

Nakuomba radhi, Bourhane. Kazi yako niliionea haya bila kuisoma. Huyo mama wa gunia, mwalimu mmoja wa mjini alinifasiria hadithi yake, na nilimwona kabisa.

Habari zangu ni hizi. Tangu Ijumaa ile hakuna aliyeniletea barua. Hawanitukani, wananisalimu kama kawaida, na wa Dzamandzar hawaonekani tena. Kila asubuhi natandika mkeka na kuweka wino, na adhuhuri naukunja. Nimeona ni haki yao. Mtu akishajua kwamba mkono wako unaweza kudanganya, atajuaje lini haudanganyi.

Jana Kouraichia alipita hapa na bahasha mkononi. Alisimama, akaniuliza hali ya mguu, akaniombea afya. Kisha akaendelea na njia ya mjini, kwa yule mwalimu aliyenifasiria hadithi, akaandikiwe barua ya mwanawe kwa Kifaransa. Nilimwitikia, nikarudi ndani.

Mjomba wako,
Houmadi